Kati ya Sampuli na Seva: Hatari za Usalama Pale Bayoteknolojia Inapokutana na Kompyuta

Tarehe 22 Juni 2024 wadukuzi waliivamia Huduma ya Taifa ya Maabara za Afya ya Afrika Kusini, ijulikanayo kwa kifupi kama NHLS. Taasisi hiyo inaendesha maabara 265, na ndiyo inayopima damu, makohozi na sampuli nyingine za wagonjwa wa hospitali za umma, yaani wananchi walio wengi wa nchi hiyo. Wahalifu waliingiza programu ya kudai kikombozi, yaani inayoufunga mfumo hadi walipwe, na kufuta sehemu za mfumo, zikiwamo zile zilizohifadhi nakala rudufu, na mawasiliano kati ya maabara na hospitali yakakatika. Hata hivyo maabara zenyewe hazikufungwa. Sampuli ziliendelea kupokewa, mashine ziliendelea kupima na majibu yalipatikana, ila hayakuwa na njia ya kumfikia daktari isipokuwa yale ya dharura, ambayo yalisomwa kwa simu. Hayo yalitokea huku nchi ikikabiliana na mlipuko wa ugonjwa wa mpox.

Majuma machache kabla ya hapo, tarehe 3 Juni, jambo kama hilo lilikuwa limetokea London. Kampuni ya Synnovis, inayozipimia sampuli hospitali kubwa za kusini-mashariki mwa jiji hilo, ilishambuliwa kwa programu ya aina hiyohiyo. Kwa kuwa hospitali hazikuweza tena kulinganisha makundi ya damu kwa kasi ya kawaida, zililazimika kutegemea damu ya kundi O, ambayo wagonjwa wengi wanaweza kuipokea, hadi mamlaka ya damu ikatoa wito wa dharura kwa wachangiaji wa kundi hilo. Miadi zaidi ya 10,000 iliahirishwa. Mwaka uliofuata, hospitali ya King's College ilithibitisha kwamba mgonjwa mmoja alifariki katika kipindi hicho, na kwamba kusubiri majibu ya damu kwa muda mrefu kulikuwa miongoni mwa sababu zilizochangia kifo chake.

Nimeanza na matukio haya mawili kwa makusudi. Mazungumzo kuhusu hatari zilizopo kati ya bayoteknolojia na kompyuta hupenda kuanzia kwenye mambo ya kutisha, kama vile virusi vilivyotengenezwa maabara au akili mnemba inayobuni sumu. Mambo hayo yapo na tutayafikia. Lakini madhara ambayo tayari yamewafika watu yametokana zaidi na uhalifu wa kawaida wa kompyuta ulioangukia mahali ambapo uhai wa watu hutegemea kompyuta. Uwanja huu wa usalama kati ya bayoteknolojia na kompyuta ulianza kutajwa katika makala za kitaalamu kama taaluma inayojitegemea mnamo mwaka 2018, na hoja yake ya msingi ni nyepesi kuieleza ingawa ni ngumu kuitekeleza: udhaifu mkubwa hukaa kwenye makabidhiano, pale sampuli inapogeuzwa kuwa faili na pale faili inapogeuzwa kuwa molekuli, kwa sababu hapo kila upande unauamini mwenzake bila kuuhakiki.

Ili kuelewa makabidhiano hayo ni lazima kukumbuka jinsi biolojia ilivyobadilika. Vinasaba vya kiumbe chochote vinaweza kuandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, ambazo huwakilisha kemikali nne zinazounda DNA. Jenomu ya binadamu, yaani seti yake nzima ya vinasaba, ina herufi takribani bilioni 3. Mradi wa kwanza wa kuisoma, uliokamilishwa mwaka 2003, ulichukua miaka 13 na kugharimu mabilioni ya dola, ilhali leo jenomu ya mtu mmoja husomwa kwa siku chache na kwa gharama isiyofika dola 1,000. Kinachotoka kwenye mashine ya kusoma vinasaba ni faili la maandishi, refu kupita kiasi, ambalo hupitishwa katika programu moja baada ya nyingine hadi lipate maana: hii ni bakteria ya kifua kikuu, na inahimili dawa fulani. Safari ya kinyume nayo inawezekana. Mtafiti huandika herufi anazozitaka kwenye kompyuta, hutuma oda kwa kampuni kupitia intaneti, na baada ya siku kadhaa hupokea kichupa chenye DNA iliyotengenezwa kwa mpangilio huohuo.

Tuanze na upande wa kusoma. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walionyesha jambo ambalo hadi leo hunukuliwa kila mada hii inapoguswa. Waliandika msimbo wa programu hasidi kwa herufi za DNA, wakaagiza kipande halisi chenye herufi 176, wakakiweka kwenye mashine ya kusoma vinasaba, na faili lililotoka lilipofunguliwa na programu ya uchambuzi, nafasi ya kumbukumbu iliyotengwa ikafurika na kompyuta ikaangukia mikononi mwao. Vyombo vya habari vilishangilia, lakini watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kuliko waandishi wengi waliowanukuu. Walikiri kwamba udhaifu walioutumia waliupandikiza wenyewe katika programu hiyo, kwamba ulinzi wa kawaida wa kompyuta waliuzima, na kwamba hata hivyo msimbo ulisomeka kwa ukamilifu katika takribani 37% tu ya nakala. Mtu anayetaka kuivamia maabara leo ana njia rahisi mara mia, kwa mfano barua pepe yenye kiambatisho.

Thamani ya jaribio hilo, kwa maoni yangu, imo katika swali lililokaa nyuma yake. Katika usalama wa kompyuta, chochote kinachoingia kutoka nje huhesabiwa kuwa cha kutiliwa shaka mpaka kihakikiwe. Programu za uchambuzi wa vinasaba ziliandikwa kwa utamaduni mwingine kabisa. Waliziandika wanabiolojia na wanafunzi wa uzamivu, wakitafuta kasi na usahihi wa kisayansi, na hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba mate au damu vinaweza kuwa na nia mbaya. Watafiti wa Seattle walipozikagua programu huria zinazotumiwa sana katika fani hiyo, walizikuta zimejaa mbinu za uandishi ambazo wahandisi wa programu waliziacha zamani kwa sababu za usalama. Walieleza pia jambo lisilo la kidrama ila la karibu zaidi na maisha ya kila siku: sampuli za watu tofauti zinaposomwa pamoja katika mashine moja ili kupunguza gharama, herufi chache za sampuli moja huweza kuhesabiwa kimakosa katika sampuli nyingine. Kwa mtafiti hiyo ni kasoro ya kiufundi inayorekebishwa kwa takwimu, lakini kwa mtu wa usalama ni taarifa za mmoja zinazovuja kwa mwingine.

Mashine zenyewe nazo ni kompyuta, jambo ambalo husahaulika kirahisi kwa sababu zinauzwa na kununuliwa kama vifaa vya maabara. Mwezi Aprili 2023 mamlaka mbili za Marekani, ile ya usalama wa mtandao na ile ya dawa na vifaa tiba, zilitoa tahadhari kuhusu programu iliyokuwa ndani ya mashine kadhaa za kampuni ya Illumina, ambayo ndiyo mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa mashine za aina hii duniani. Udhaifu huo ulipewa uzito wa 10 kati ya 10. Mtu aliye mbali, asiye na nenosiri lolote, angeweza kuiamuru mashine, kubadili mipangilio yake na hata kugusa matokeo ya vipimo. Hapakuwa na taarifa kwamba kuna aliyeutumia, na kampuni ilitoa marekebisho. Mwezi Julai 2025 Illumina ilikubali kulipa dola milioni 9.8 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba iliziuzia taasisi za umma mashine zenye kasoro za usalama kati ya mwaka 2016 na 2023. Makubaliano hayo hayakuwa hukumu ya kosa, lakini yaliweka wazi kwamba usalama wa programu sasa ni sehemu ya ubora wa mashine inayouzwa.

Kwa nini marekebisho yanapotolewa hayawekwi mara moja? Maabara inayotoa majibu kwa wagonjwa huwa imethibitisha kwamba mashine fulani, yenye programu ya toleo fulani, inatoa majibu sahihi. Ukibadilisha toleo, inabidi uthibitishe upya, kazi inayokula vitendanishi (kemikali za kupimia), muda na fedha. Matokeo yake ni kompyuta yenye mfumo endeshi wa zamani, iliyounganishwa na mashine ya thamani ya nyumba kadhaa, ambayo hakuna anayethubutu kuigusa maadamu inafanya kazi. Katika maabara zetu za Afrika Mashariki linaongezeka jambo jingine: mashine nyingi huja kupitia miradi ya wafadhili. Mradi ukiisha, mkataba wa matengenezo nao huisha, mhandisi aliyekuwa akiingia kwa mbali kurekebisha hitilafu haitwi tena, lakini mlango aliokuwa akiutumia kuingilia huachwa wazi, na pengine nenosiri lake bado ni lile lililokuja na mashine kutoka kiwandani.

Upande wa kuandika DNA ndio unaobeba hofu kubwa zaidi, na hapa lazima tuwe waangalifu tusiikuze wala kuipuuza. Kampuni zinazotengeneza DNA kwa oda zinajua kwamba mteja mwenye nia mbaya anaweza kuagiza sehemu ya kiumbe hatari. Kwa hiyo kampuni kubwa, zilizoungana tangu mwaka 2009, huzilinganisha oda na orodha ya mipangilio inayojulikana kuwa ya hatari, na pia humchunguza mteja ni nani na anafanya kazi wapi. Utaratibu huo kwa sehemu kubwa ya dunia ni wa hiari. Kampuni inayoufuata hugharamia programu na wataalamu wa kukagua, na mshindani asiyeufuata huuza kwa bei nafuu na kwa haraka zaidi, hali ambayo soko peke yake haliwezi kuirekebisha.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion cha Israel walieleza katika jarida la Nature Biotechnology namna makabidhiano haya yanavyoweza kutumiwa bila mhalifu kukanyaga maabara. Katika hali waliyoichora, programu hasidi iliyo kwenye kompyuta ya mtafiti asiye na hatia hubadilisha oda anayoituma, naye hupokea kichupa akidhani ndicho alichokiagiza. Walipoupima ukaguzi kwa mipangilio 50 iliyofichwa kwa ustadi, 16 ilipita bila kugunduliwa. Mtu huyo tuliyezoea kumhesabu kuwa ndiye kizuizi cha mwisho, yaani mwanasayansi mwadilifu mwenye kibali na anwani inayojulikana, anageuka kuwa chombo cha mwingine. Uchunguzi wa mteja hausaidii kitu pale ambapo mteja ni mwema lakini kompyuta yake imetekwa.

Kisha ikaja akili mnemba. Mwezi Oktoba 2025 timu iliyoongozwa na wanasayansi wa Microsoft ilichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba programu za kubuni protini zinaweza kuziandika upya protini zenye sumu kwa mpangilio tofauti kiasi kwamba baadhi ya mifumo ya ukaguzi haizitambui, kwa sababu mifumo hiyo hutafuta mfanano wa herufi. Kazi yote ilifanyika kwenye kompyuta, hakuna sumu iliyotengenezwa. Lililonivutia zaidi ni namna walivyoishughulikia habari hiyo. Kabla ya kuchapisha, walifanya kazi kimya kimya na watengenezaji wa mifumo ya ukaguzi hadi marekebisho yakapatikana na kusambazwa, kama wafanyavyo wataalamu wa kompyuta wanapogundua udhaifu katika programu. Hata baada ya marekebisho, sehemu ndogo ya mipangilio iliendelea kupenya. Data za kina hazikuwekwa hadharani, na anayezihitaji huomba kupitia IBBIS, shirika la kimataifa la usalama wa kibayolojia lenye makao Geneva, ambalo humhakiki kwanza. Wanabiolojia wamezoea kuchapisha kila kitu, nao wataalamu wa usalama wamezoea kusubiri kiraka, yaani marekebisho ya programu, kitoke kwanza, na mvutano kati ya desturi hizi mbili haujamalizika.

Niongeze hapa neno moja la tahadhari. Mpangilio wa herufi kwenye kompyuta una safari ndefu kabla haujawa kitu chenye madhara. Inahitajika maabara, vitendanishi na mikono iliyofundishwa kwa miaka, na majaribio mengi hushindwa hata mikononi mwa watu waliobobea. Anayesema kwamba kijana mwenye kompyuta ndogo anaweza kuanzisha janga kesho anauza hofu. Anayesema kwamba ukaguzi wa oda hauna maana kwa sababu hiyo naye anakosea, kwani ukaguzi ni kizuizi cha bei nafuu kilichowekwa mahali pazuri, na ugumu wa kazi ya maabara unapungua mwaka hadi mwaka.

Kati ya kusoma na kuandika kuna kuhifadhi, na hapa hatari ni ya kila mtu aliyewahi kutema mate kwenye kichupa. Mwezi Oktoba 2023 ilijulikana kwamba wadukuzi wameingia katika akaunti za kampuni ya 23andMe, inayowapimia watu vinasaba ili wajue asili na ndugu zao. Hawakuvunja mfumo wowote: walichukua manenosiri yaliyokwisha kuvuja kwenye tovuti nyingine wakayajaribu hapo, na kwa watu waliokuwa wakitumia nenosiri moja kila mahali, milango ikafunguka. Akaunti zilizofunguliwa hivyo zilikuwa takribani 14,000. Lakini kwa kuwa huduma hiyo humwonyesha mteja ndugu zake wa damu, kutoka katika akaunti hizo wadukuzi walichota taarifa za watu milioni 6.9. Mwezi Machi 2025 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na hazina yake ya vinasaba ikawa mali inayotafutiwa mnunuzi. Hatimaye ilichukuliwa na taasisi ya mmoja wa waanzilishi wake kwa dola milioni 305.

Uwiano huo wa 14,000 kwa milioni 6.9 unaeleza tabia ya data za vinasaba kuliko maelezo marefu. Nenosiri likiibwa hubadilishwa, kadi ya benki hufungwa, lakini jenomu haibadilishwi, na si yako peke yako. Uamuzi wa mtu mmoja unawaweka wazi kaka, shangazi, binamu na watoto ambao bado hawajazaliwa. Kuondoa jina nako hakutoshi. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya jenomu zilizochapishwa bila majina ziliweza kuhusishwa na wenyewe kwa kuoanisha alama za kromosomu Y, ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake, na kumbukumbu za nasaba zilizo wazi mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinazitaja data za vinasaba kuwa taarifa nyeti. Ni mwanzo mwema, ingawa sheria hizo humwangalia mtu mmoja mmoja anayetoa ridhaa, na ukoo hauna kiti katika fomu ya ridhaa. Kwa eneo ambalo sampuli za wananchi wake zimekusanywa kwa miongo kadhaa kwa ajili ya utafiti wa malaria, Ukimwi na kifua kikuu, swali la nani anashika ufunguo wa seva lina uzito.

Viwanda nitavipitia kwa haraka. Mwezi Juni 2017 programu hasidi iliyopewa jina la NotPetya, ambayo ilianzia Ukraine kupitia programu ya mahesabu ya kodi, ilisambaa duniani na kuikumba kampuni ya dawa ya Merck. Uzalishaji wa chanjo ya Gardasil, inayokinga virusi vya HPV visababishavyo saratani ya mlango wa kizazi, ulivurugika kiasi kwamba kampuni ilikopa dozi kutoka akiba ya taifa ya Marekani. Hakuna aliyeilenga chanjo. Iliangukiwa tu kwa kuwa kompyuta zake zilikuwa kwenye mtandao mmoja na nyingine zote.

Tukio la Desemba 2020 ni la aina tofauti, na kwangu ndilo linaloonya zaidi. Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilidukuliwa, na nyaraka kuhusu chanjo ya Uviko-19 ya Pfizer na BioNTech zikachukuliwa. Zilipoanza kuonekana mtandaoni mwezi Januari 2021, mamlaka hiyo ilieleza kwamba baadhi ya barua zilikuwa zimechezewa kabla ya kutolewa, kwa namna inayoweza kudhoofisha imani ya watu kwa chanjo. Wizi huonekana, na mfumo uliozimwa hujitangaza wenyewe. Data iliyobadilishwa kidogo haipigi kelele. Herufi chache katika faili la bakteria zinaweza kumfanya daktari aandike dawa isiyofaa, na rekodi ya joto la jokofu iliyohaririwa inaweza kupitisha shehena ya chanjo iliyoharibika, huku kila karatasi ikisema mambo ni shwari.

Ulinzi dhidi ya hilo haudai mitambo ya ajabu. Faili linapotoka kwenye mashine, kompyuta inaweza kulikokotolea namba ya utambulisho ambayo hubadilika hata herufi moja ikibadilishwa. Namba hiyo ikitunzwa mahali pengine, yeyote anaweza baadaye kuhakikisha kwamba faili ni lilelile. Mashine za maabara zinaweza kuwekwa kwenye mtandao wao wenyewe, mbali na kompyuta zinazofungua barua pepe. Nakala rudufu moja iwe nje ya mtandao kabisa, kwa kuwa zile za NHLS zilifutwa pamoja na mfumo. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, desturi ya nenosiri moja lililobandikwa ukutani ikomeshwe, na utaratibu wa kutoa majibu kwa karatasi na simu ufanyiwe mazoezi kabla ya siku ya kuuhitaji.

Kigumu zaidi ni kujua kazi hiyo ni ya nani. Katika maabara nyingi afisa wa usalama wa kibayolojia hukagua glavu, makabati na taka, na fundi wa kompyuta hukagua intaneti na printa. Mashine ya kusoma vinasaba haimo katika orodha ya yeyote kati yao. Pa kuanzia ni zabuni ya ununuzi, kwa sababu kabla ya malipo ndipo mnunuzi ana sauti: mkataba useme programu zitarekebishwa kwa miaka mingapi, nani ataruhusiwa kuingia kwa mbali na kwa idhini ya nani, data zitatunzwa nchi gani, na mlango wa muuzaji utafungwa tarehe gani baada ya mradi kumalizika.